Koma ya Kiingereza si mahali pa kuvuta pumzi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu maswali ambayo hayaishi kuulizwa na wanafunzi, makarani, waandishi wa ripoti na walimu wenyewe kuhusu alama za uandishi katika Kiingereza. Koma inakaa wapi? Apostrofi inaitangulia “s” au inaifuata? Nukta iingie ndani ya alama za mtajo (“ ”) au ibaki nje? Maswali ni mengi, lakini ukiyafuatilia utaona mengi yamezaliwa na fundisho moja: kwamba koma ni mahali pa kuvuta pumzi, nuktamkato (;) ni pumzi ndefu kidogo, na nukta ni mahali pa kusimama. Fundisho hilo limepitwa na wakati, na linaharibu maandishi ya watu wanaokijua Kiingereza vizuri kabisa.

Zamani lilikuwa kweli. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Aristophanes wa Byzantium, aliyekuwa msimamizi wa maktaba ya Alexandria, alitia vitone juu, katikati au chini ya mstari katika maandishi ya Kigiriki ili msomaji wa kusoma kwa sauti ajue atulie wapi na kwa muda gani. Majina ya koma na koloni (yaani nuktambili, :) yanatoka huko. Kusoma kulikuwa kazi ya mdomo, na alama zikaufuata mdomo. Uchapaji ulipoenea na watu wengi wakazoea kusoma kimya, alama zilihama polepole. Leo Kiingereza kinaweka koma kwa kuangalia sarufi ya sentensi: kiima kiko wapi, kitenzi kiko wapi, kishazi kipi kinaweza kusimama peke yake na kipi hakiwezi. Pumzi hufuata baadaye, na mara nyingine haifuati kabisa.

Tazama sentensi hii: “The man who was standing near the door of the old building left early.” Anayesikiliza pumzi yake ataweka koma baada ya “building”, kwa sababu hapo ndipo anapochoka. Ni kosa. Kila kitu kuanzia “The man” hadi “building” ni kiima kimoja, na “left” ndicho kitenzi chake. Koma moja haitenganishi kiima na kitenzi chake, hata kiima kiwe na maneno ishirini. Sisi tunaoandika Kiswahili tunaingia katika mtego huu upesi kwa sababu Kiswahili chetu kinaivumilia koma hiyo: “Wanafunzi wote waliomaliza kazi kabla ya saa sita, waruhusiwe kuondoka.” Wengi huandika hivyo na hakuna anayeshtuka. Ukiihamishia tabia hiyo kwenye Kiingereza, msahihishaji atashtuka. Kiima kikiwa kirefu mno hadi msomaji anapotea, dawa ni kuipanga sentensi upya, maana koma haiwezi kuiokoa.

Ndugu yake kosa hilo ni koma baada ya “that”. “The minister said that, the bridge would be closed.” Hii inatokana na koma tunayopenda kuiweka baada ya “kwamba”. Katika Kiingereza “that” inafungua kishazi kinachokamilisha “said”, kwa hiyo hakuna cha kutenganisha. Koma huja pale maneno ya msemaji yanaponukuliwa kama alivyoyasema: The minister said, “The bridge will be closed.” Hapo “that” haipo.

Sasa nije kwenye kosa linalowakatisha watu alama nyingi pengine kuliko yote: kuunganisha sentensi mbili kamili kwa koma tupu. “She opened the letter, she read it.” Kwa nini linatushika sana? Angalia sentensi ya Kiswahili: “Alifungua barua, akaisoma, akalia.” Ni sahihi kabisa, kwa sababu kile kiambishi -ka- kimeshafanya kazi ya kuunganisha, kinamwambia msomaji kwamba tendo hili linafuata lile. Koma haibebi mzigo wowote. Kitenzi cha Kiingereza hakina -ka-. Ukiondoa kiunganishi, kinachobaki ni sentensi mbili zilizogonganishwa, na koma ya Kiingereza haina nguvu ya kuzishika.

Namna ya kulipima: funika kwa kidole sehemu iliyo kulia kwa koma, usome ya kushoto. “She opened the letter.” Inasimama. Funika ya kushoto, usome ya kulia. “She read it.” Inasimama. Zote mbili zikisimama, koma peke yake haitoshi, na una njia nne. Weka nukta. Weka nuktamkato, ikiwa mawazo mawili yako karibu sana. Acha koma lakini iongezee mojawapo ya viunganishi saba: and, but, or, nor, for, so, yet. Au igeuze sentensi moja iwe tegemezi: “After she opened the letter, she read it.” Kuna pia njia fupi ambayo mara nyingi ndiyo nzuri zaidi, kuondoa kiima cha pili: “She opened the letter and read it.” Kwa kawaida hapa haiwekwi koma kabla ya “and”, kwa sababu vitenzi viwili vinachangia kiima kimoja, na ukifunika ya kushoto, “read it” haisimami. Wengi wamefundishwa “weka koma kabla ya and” au “usiweke koma kabla ya and”, na wanabishana. Kanuni zote mbili ni nusu. Kinachoamua ni kinachofuata baada ya “and”.

Halafu kuna “however”. “The road was closed, however, we arrived on time.” Sentensi ya aina hii imejaa kwenye ripoti za watu wenye shahada. “However” inaonekana kama kiunganishi kwa sababu maana yake inakaribiana na ya “but”, lakini kisarufi ni kielezi, na kielezi hakiunganishi sentensi. Ushahidi ni kwamba kinahamishika: unaweza kuandika “we, however, arrived on time” au “we arrived on time, however”. Jaribu kuihamisha “but” vivyo hivyo uone kama sentensi itakubali. Kwa hiyo andika “The road was closed; however, we arrived on time”, au weka nukta na uanze upya na herufi kubwa. Hali ni hiyo hiyo kwa therefore, moreover, nevertheless na consequently.

Kuhusu vishazi tegemezi nitasema kidogo. Kikitangulia, weka koma kinapoishia: “If it rains, the match will stop.” Kikifuata, kwa kawaida usiweke: “The match will stop if it rains.” Palipo na hatari ni “because” baada ya kukanusha. “He did not resign because he was ill” inaweza kumaanisha kwamba alijiuzulu, ila ugonjwa haukuwa sababu. “He did not resign, because he was ill” inamaanisha hakujiuzulu, na ugonjwa ndio uliomzuia. Koma moja, na mtu yuko kazini au hayuko. Hapa mimi humshauri mwandishi asiitegemee koma, apange upya: “Because he was ill, he did not resign.”

Kuna jambo jingine ambalo Kiswahili hakitulazimishi kulifikiria na Kiingereza kinatulazimisha kila siku. Tukisema “wanafunzi waliofaulu watasafiri”, kirejeshi “-o-” kimeshikamana na kitenzi na maana iko wazi: waliofaulu ndio watakaosafiri, wengine watabaki. Kiingereza kina sentensi mbili zenye maneno yale yale:

“The students who passed the test will travel.”
“The students, who passed the test, will travel.”

Ya kwanza inachagua: kati ya wanafunzi wote, wale waliofaulu. Ya pili haichagui; inasema wanafunzi wote watasafiri, na kwa taarifa tu, wote wamefaulu. Anayeandika barua ya kuidhinisha safari na kuweka koma hizo mbili bila kufikiri ameidhinisha nauli ya darasa zima. Vivyo hivyo “My brother who lives in London is ill” inaashiria kwamba mwandishi ana ndugu zaidi ya mmoja na anamtofautisha huyu na wengine. “My brother, who lives in London, is ill” inaashiria ndugu ni mmoja. Kanuni ya kushika ni hii: maelezo yakihitajika ili msomaji ajue ni nani au nini kinachozungumzwa, usiweke koma. Yakiwa ni nyongeza unayoweza kuiondoa na mtu yule yule akabaki, weka koma, na weka mbili.

Nasisitiza mbili kwa sababu ya pili husahaulika mno. Koma za kuzingira hutembea kama mabano: ukifungua, ufunge. “The director, who joined in 2010 has retired” imefungua ikaacha mlango wazi. Tarehe ya Kimarekani nayo iko hivyo: “On March 5, 2024, the court ruled.” Koma baada ya 2024 ni ya lazima kwa sababu mwaka umezingirwa. Mwingereza anaandika “On 5 March 2024” na kujiokoa na tabu yote hiyo, na kwa hili mfumo wake naupendelea.

Anayedhani haya ni mambo ya darasani tu aangalie kilichotokea Kanada. Kampuni mbili za mawasiliano, Rogers na Aliant, zilikuwa na mkataba kuhusu matumizi ya nguzo. Kifungu chake kilisema mkataba utadumu kwa miaka mitano, “and thereafter for successive five (5) year terms, unless and until terminated by one year prior notice in writing by either party”. Rogers waliamini mkataba hauvunjiki kabla ya miaka mitano ya kwanza kuisha. Lakini kuna koma baada ya “terms”. Koma hiyo, pamoja na ile iliyotangulia “and thereafter”, inazingira maneno ya kuongeza muda kama nyongeza, na hivyo haki ya kuvunja mkataba kwa notisi ya mwaka mmoja inagusa kipindi chote, pamoja na miaka mitano ya kwanza. Mwaka 2006 tume ya mawasiliano ya Kanada ilikubaliana na tafsiri hiyo kwa kufuata kanuni za alama za uandishi. Mwaka 2007 uamuzi ukabadilishwa, kwa sababu mkataba ulikuwa na toleo la Kifaransa pia, nalo halikuwa na utata. Mwandishi wa mkataba wa lugha moja hana bahati hiyo.

Kesi nyingine inahusu swali ambalo huenda ndilo linaloulizwa zaidi: katika orodha ya vitu vitatu au zaidi, koma iwekwe kabla ya “and” ya mwisho au isiwekwe? “Red, white and blue” au “red, white, and blue”? Zote mbili ni sahihi. Shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Oxford na mwongozo wa uandishi wa Chicago wa Marekani huiweka. Magazeti mengi, pamoja na mwongozo wa shirika la habari la Associated Press, huiacha katika orodha nyepesi. Lakini katika jimbo la Maine, Marekani, sheria ilitaja kazi ambazo hazilipiwi saa za ziada: canning, processing na nyinginezo, ikamalizia kwa “packing for shipment or distribution” ya vyakula vinavyoharibika. Hakuna koma baada ya “shipment”. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walisema wao hawapakii; wanasambaza. Bila koma, “distribution” inaweza kusomeka kama kusudi la kupakia na isiwe kazi inayojitegemea katika orodha. Mwaka 2017 mahakama ya rufani ya shirikisho iliona kwamba kifungu kina utata na kuwapa madereva nafuu. Mwaka 2018 kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 5. Sheria yenyewe iliandikwa upya, na safari hii vipengele vilitenganishwa kwa nuktamkato.

Ushauri wangu kwa anayeandika nyaraka za kisheria au za fedha ni kuiweka koma hiyo daima. Kwa wengine, chagua moja na uifuate toka mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo isiabudiwe, kwa sababu nayo inaweza kuleta utata. “She thanked her teachers, Anna and John” bila koma inafanya Anna na John waonekane ndio walimu. Lakini “She thanked her teacher, Anna, and John” pamoja na koma inamfanya Anna aonekane ndiye mwalimu. Hapo badili mpangilio: “She thanked Anna, John and her teacher.”

Nimekaa sana kwenye koma kwa kuwa ndiko kwenye mambo. Apostrofi ni rahisi zaidi, ila makosa yake yanaonekana kwa mbali, hata kwenye mabango. Katika Kiswahili alama hiyo tunaijua kwa kazi ya sauti: inaitenga ng' ya “ng'ombe” na ng ya “ngoma”. Katika Kiingereza haina sauti yoyote. Ina kazi mbili: kuonyesha umilikaji, na kuonyesha kwamba herufi zimeachwa. Kutengeneza wingi si kazi yake. “Tomato's for sale” ni kosa, “CD's” haihitajiki, na miaka ya tisini ni “the 1990s”. Herufi ndogo moja moja ndizo hupewa ruhusa, kama “p's and q's”, kwa sababu bila alama hazisomeki.

Ili usikosee mahali pa kuiweka, andika kwanza mmiliki peke yake, kamili, katika umoja au wingi unaoukusudia. Kitabu ni cha mwanafunzi mmoja: student. Ongeza 's: “the student's book”. Vitabu ni vya wanafunzi wengi: students. Neno limeshamalizika kwa “s” ya wingi, basi ongeza apostrofi tupu: “the students' books”. Ni vya watoto: children. Neno ni la wingi lakini halimalizikii kwa “s”, kwa hiyo linapokea 's: “the children's books”. Ukifuata hatua hizo huwezi kamwe kuandika “childrens'”, kwa sababu hakuna neno “childrens” la kuanzia. Muda nao humiliki: “a day's work”, “two weeks' notice”. Watu wawili wakimiliki kitu kimoja kwa pamoja, wa mwisho ndiye anayebeba alama: “John and Mary's house”. Kila mmoja akiwa na chake, wote wanabeba: “John's and Mary's shoes”. Jina la mtu likimalizikia kwa “s”, mwongozo wa Chicago unasema “James's”, Associated Press wanasema “James'”. Chagua, kisha usigeuke.

Kuhusu its na it's, pima hivi: soma “it is” au “it has” mahali pake. “The company raised it is prices” haileti maana, kwa hiyo ni “its prices”. “It has been raining” inaleta, kwa hiyo “It's been raining” ni sawa. Anayelalamika kwamba “its” ni ya umilikaji na ilistahili apostrofi aiangalie familia yake: his, hers, ours, yours, theirs. Hakuna hata moja yenye apostrofi. Kipimo hicho hicho kinatenganisha whose na who's, your na you're.

Kuna tatizo la kompyuta ambalo halisemwi. Ukiandika '90s, programu ya kuandikia hudhani unafungua mtajo na kuipinda alama upande usio wake. Apostrofi inayoshika nafasi ya herufi zilizoachwa hupinda kama koma iliyoning'inizwa juu. Andika apostrofi mbili mfululizo. Ya pili itapinda sawasawa. Kisha futa ya kwanza.

Alama za mtajo zinagawa dunia mara mbili. Wamarekani huanza na alama pacha, na mtajo ulio ndani ya mtajo hupewa alama moja moja. Vitabu vingi vya Uingereza hufanya kinyume chake. Kwa Mmarekani, nukta na koma huingia ndani ya alama ya kufunga hata kama si sehemu ya maneno yaliyonukuliwa. Kwa Mwingereza, zinaingia ndani ikiwa tu ni za msemaji. Nuktamkato na nuktambili hubaki nje, na alama ya kuuliza hufuata maana pande zote mbili. Did he say “I am tired”? Alama iko nje kwa sababu anayeuliza ni mwandishi. He asked, “Are you tired?” Iko ndani kwa sababu swali ni la msemaji. Na “I asked him where he lived” haina alama ya kuuliza kabisa, maana ni taarifa kuhusu swali.

Nuktambili inahitaji sentensi kamili kabla yake. “The committee includes: a chair, a secretary and a treasurer” ni kosa, kwa sababu imekikata kitenzi na yambwa yake, futa tu nuktambili. “The committee has three officers: a chair, a secretary and a treasurer” ni sawa. Nuktamkato, mbali na kuunganisha sentensi mbili, hutenganisha vitu vya orodha ambavyo vyenyewe vina koma ndani: “Paris, France; London, England; and Rome, Italy”.

Kistari watu wanakidharau, lakini hebu tazama. “Twenty four-hour shifts” ni zamu ishirini za saa nne nne. “Twenty-four hour shifts” ni zamu ishirini na nne za saa moja moja. “Twenty-four-hour shifts” ni zamu za saa ishirini na nne. Anayepanga ratiba ya wauguzi hana budi kuzijua hizo tatu. Maneno yanayoungana kuwa kivumishi kimoja kabla ya nomino hupewa kistari: “a well-known singer”. Yakija baada ya nomino, kwa kawaida kistari huondoka: “the singer is well known”. Kielezi chenye -ly hakipewi, kwa kuwa hakuna anayeweza kukisoma vibaya: “a highly paid worker”.

Deshi fupi, ile iliyo ndefu kidogo kuliko kistari, ni ya miaka na kurasa: 1990–1995. Ukianza na “from”, malizia na “to”: “from 1990 to 1995”. Usichanganye. Deshi ndefu ni ya kuchopeka wazo au kulikatiza ghafla. Kwenye Windows shikilia Alt uandike 0151 kwa tarakimu za upande wa kulia, na 0150 kwa ile fupi.

Na nafasi: hakuna nafasi kabla ya koma, nukta, alama ya kuuliza wala ya mshangao. Baada ya nukta, nafasi ni moja. Zile mbili ni urithi wa taipureta, na tangu 2020 programu ya Word huzipigia mstari kama kosa.

Sasa ombi langu kwako, Mhariri. Magazeti huchapisha mazoezi ya Kiingereza ya kuwaandaa watahiniwa, na mara nyingi zoezi la alama za uandishi hutolewa na jibu moja tu. Yako maswali yenye jibu moja kweli: its na it's, koma kati ya kiima na kitenzi, sentensi mbili zilizogonganishwa. Hapo kata alama bila huruma. Lakini koma ya mwisho katika orodha, “James's” au “James'”, nukta baada ya “Mr”, nukta ndani au nje ya mtajo, koma au nuktambili baada ya “Dear Sir”, haya yana majibu mawili halali, na mtoto aliyeyajifunza kwenye kitabu cha Kimarekani hastahili kuambiwa amekosa. Naomba kila zoezi mnalochapisha liandikwe juu kabisa kwamba linafuata Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani, na pale kanuni inaporuhusu yote mawili, majibu yote mawili yatajwe kwenye ukurasa wa masahihisho.

Wako,
Msahihishaji wa miswada ya Kiingereza